Jaji wa Mbele ya Uso

Wafanyakazi wa mashirika wameniuliza swali hili zaidi ya mara moja, tena kwa upole: inakuwaje watu waliokimbia vita, wasio na uhakika na unga wa mwezi ujao, wakeshe kwenye hoteli ya Waethiopia wakibishana kuhusu nani atolewe kwenye shindano la kuimba? Swali si baya. Ila linadhani kwamba sisi tunatazama ili tusahau. Mimi nimetazama mashindano ya runinga tangu nifike Kakuma nikiwa kijana mdogo, na naona mambo ni kinyume kabisa. Hakuna watu wanaojua kuchujwa kama sisi. Tunatazama mchujo kama fundi seremala anavyotazama meza ya fundi mwenzake: anapitisha mkono chini, anatafuta pale misumari imefichwa.

Niseme mapema ninachokiamini. Shindano hupendwa pale anayeshindwa anapojua kwa nini ameshindwa, na sisi wa kwenye benchi tunajua pia. Likikosa hilo, weka taa, weka moshi, weka gari jipya jukwaani, watu watatazama mara moja. Mara ya pili watabaki nyumbani wakicheza karata.

Hapa kwetu mwaka unaokumbukwa ni 2013. Tusker Project Fame ilikuwa msimu wa sita. Shindano lilianza Nairobi mwaka 2006 na mshindi wa kwanza alikuwa Mkenya, Valerie Kimani. Baadaye Esther Nabaasa wa Uganda akachukua mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda 2009, Davis Ntare wa Uganda 2010, Ruth Matete wa Kenya 2012. Warundi walikuwa bado. Sisi Wakongomani wa Uvira tukiangalia ng'ambo ya ziwa usiku tunaona taa za Bujumbura, kwa hiyo Hope Irakoze aliposimama na gitaa lake tulimfanya wetu bila kumwomba ruhusa. Hoteli ilijaa. Mwenye hoteli alipandisha bei ya chai siku za kutolewa watu, na hakuna aliyelalamika, jambo ambalo kwa kambi hii ni muujiza.

Jirani yetu mmoja, mama wa Uvira, hakuwa anajua Kiingereza hata neno moja, lakini alikuwa anajua nani atatoka kabla majaji hawajafungua mdomo. "Uyu mutoto sauti yake inatoka ku tumbo," anasema. "Ule mwingine iko anaimba na mapua." Na kweli, wiki ileile wa mapua anafunga begi.

Mama yule aliweza kujua kwa sababu kazi ilikuwa inaonekana. Washiriki walikaa kwenye nyumba moja, wakafundishwa, na sisi tuliona mafundisho yenyewe: kijana anakosea wimbo Jumatano, mwalimu anamrudisha mwanzo, Jumapili anausimamisha au anaanguka nao. Mtu aliyefuatilia wiki nzima alikuwa na haki ya kubishana. Ile ndiyo raha ya kwanza ya shindano lolote, na wengi wanaotengeneza vipindi vipya wameisahau. Wanatuonyesha mtu siku ya kuimba tu, kisha wanataka tumlilie akitoka. Tumlilie kwa lipi? Hatujamwona akifanya kazi.

Jaji aliyechukiwa kuliko wote alikuwa Ian Mbugua. Kando yake walikaa Juliana Kanyomozi wa Uganda, ambaye mwenyewe ni mwimbaji, na Hermes Joachim wa Tanzania. Lakini macho yote yalimngoja Ian. Akimaliza kusema, benchi letu linamzomea, watoto wanapiga miluzi, halafu baada ya dakika mbili utasikia mzee mmoja anasema polepole: lakini si uongo, pale kwenye kiitikio sauti ilipotea njia. Mzee huyo mara nyingi alikuwa baba yangu.

Baba hakumzomea Ian hata siku moja. Na hapa inabidi niache kidogo habari za runinga.

Mwaka mmoja kabla ya Hope kushinda, familia yetu ilipata barua. Tulikuwa tumeitwa kwenye mahojiano ya kuhamishwa kwenda nchi ya tatu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya tatu baba alivaa koti lake la harusi za watu, kwenye joto hili la Turkana, akaketi amelifunga vifungo vyote. Aliulizwa tarehe. Aliulizwa majina ya vijiji, na mto ulikuwa upande gani wa nyumba. Aliulizwa tena yaleyale kwa kupindua. Tulingoja miezi 14. Kisha ikaja barua yenye visanduku, kisanduku kimoja kikiwa kimetiwa alama, na maneno ya kando yake yangeweza kuandikiwa mtu yeyote chini ya jua. Baba aliisoma. Mimi nikaisoma. Akaipeleka kwa mchungaji, naye akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa huko. Mpaka leo hatujui ni jibu lipi kati ya majibu yetu lililotuangusha. Sisemi aliyetuamua alikuwa mtu mbaya. Sikumwona, na ndilo hilo ninalolisema.

Kwa hiyo Ian alipokuwa akimwambia kijana wa watu, mbele ya Afrika Mashariki nzima, kwamba hapa umekosea na hapa umekosea, wenzetu walisikia ukali. Baba alisikia kitu kingine. "Ule muzee," alisema, "anasema mbele ya uso." Akanywa chai yake. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko tuzo.

Nikirudi kwenye shindano lenyewe, kulikuwa na jambo jingine lililotushika. Mtu hakutolewa kwa mlango mmoja. Majaji waliwaweka wachache hatarini, watazamaji wakapiga kura kwa simu, lakini walimu nao waliweza kumwokoa mmoja, na wenzao wa ile nyumba wakamwokoa mmoja. Fikiria maana yake. Kama nchi yako ni ndogo na simu ni chache, mwalimu aliyeona unavyoamka mapema kufanya mazoezi anaweza kukushika mkono. Kama mwalimu hakupendi, wanaolala nawe chumba kimoja wanajua ukweli wako. Nimekaa kambini miaka mingi na sijaona utaratibu wetu wowote wenye milango mitatu.

Kura za simu peke yake ni ugonjwa. Kura ni ya kulipia, na mwenye salio anapiga mara nyingi kadiri anavyotaka, kwa hiyo tunachohesabu ni mifuko ya watu, hatuhesabu masikio yao. Na kuna uzalendo. Kenya wanampigia wa Kenya, Uganda wa Uganda, hata akiimba kama mlango usiotiwa mafuta. Sisi wa benchi la hoteli tulikuwa na tatizo letu la ziada: laini nyingi za simu hapa zimesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na salio la shilingi ishirini lina kazi tano zinalingoja. Kuna vijana walichanga wakampigia Hope kura. Sijui walipiga ngapi. Najua kwamba Burundi ni nchi ndogo, na nadhani kura za nyumbani tu zisingemfikisha mbali. Kwa maoni yangu kuna watu wa nchi nyingine waliomchagua mtu asiye wao kwa sababu masikio yao yaliwaambia hivyo. Alipotangazwa, Warundi na Wakongomani walikumbatiana pale hotelini, hata Wasudan Kusini waliokuja kungoja mpira wa saa nne. Miaka miwili baadaye, 2015, Burundi ikawaka tena na watu wakaanza kufika hapa wakiwa na mabegi. Wapo waliojitambulisha kwetu kwa kusema wanatoka mtaa mmoja na Hope. Haiwezekani wote walitoka mtaa mmoja. Tuliwakubalia.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema shindano zuri ni lile linalomtoa mshindi tajiri. Ukiwauliza watu washindi wote wa mashindano yote waliyotazama, watataja wawili, watatu. Waliobaki wamerudi kwenye maisha. Mtanzania Peter Msechu alikuwa wa pili kwenye Tusker ya 2010, hakushinda, na bado watu wanamjua. Amos na Josh wa Kenya hawakushinda 2013, lakini wakaendelea kuimba pamoja na wakapendwa. Anayeshindwa kwa haki anaondoka na kitu: wimbo wake umesikika, na kosa lake amelijua, anaweza kulirekebisha.

Ndugu zetu Wasudan wa upande wa pili wa laga walikuwa na mwaka wao wa 2013 pia, ila wao walikuwa wanatazama Arab Idol kwa Kiarabu. Ndio waliotupa habari za Mohammed Assaf. Kijana huyu alikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Khan Younis, Gaza. Alifika Cairo amechelewa, milango ya usaili imefungwa, akaruka ukuta wa hoteli. Ndani akakuta namba zimekwisha. Mpalestina mwenzake aliyekuwa na namba akamsikia anaimba pale kwenye foleni, akampa namba yake. Juni mwaka huo Assaf akashinda shindano zima, na UNRWA ikamfanya balozi wake wa vijana. Jirani Msudani aliponisimulia alikuwa anaruka na yeye, ukuta ule anauonyesha kwa mikono. Kwa mtu wa kambi, sehemu tamu ya hadithi ile si ushindi. Ni yule aliyetoa namba. Hapa namba ni maisha: namba ya kadi, namba ya kesi, namba ya foleni ya mgao. Mtu atoe namba yake kwa sababu mwenzake anaimba vizuri zaidi? Tulilizungumza hilo wiki nzima. Wengine walisema ni upumbavu. Mama wa Uvira akasema yule aliyetoa ndiye jaji wa kwanza, na hakukosea.

Nataja Assaf kwa sababu alikuwa na hadithi nzito kuliko ya mshiriki yeyote ninayemjua, na bado ukizima picha ukabaki na sauti tu, utampa. Sauti inatangulia. Kuna vipindi vingi siku hizi vimegeuza mpangilio. Kabla mtu hajaimba, tunaonyeshwa nyumba yao iliyobomoka, mama mgonjwa, piano inalia polepole, mshiriki anafuta machozi. Akija kuimba, wewe umeshakubali. Ukisema ameimba vibaya, wewe ni mtu mbaya. Hiyo ni njia ya kumfunga mdomo jaji na mtazamaji kwa pamoja, na mimi naona ndicho kitu kinachowachosha watazamaji zaidi ya wizi wa kura. Wizi wa kura unakukasirisha. Machozi ya kupangwa yanakufanya uanze kushuku hata machozi ya kweli, na sisi hapa hatuwezi kumudu hasara hiyo.

Mtu atanijibu kwa Susan Boyle. Video yake ilizunguka hapa kwa simu, watu wakirushiana kwa bluetooth. Aprili 2009, mama wa Scotland wa miaka 47 anatoka jukwaani kwenye Britain's Got Talent, ukumbi unamcheka, anafungua mdomo, ukumbi unasimama. Si hadithi ndiyo iliyombeba? Naona sivyo. Raha ya video ile ni kwamba majaji na ukumbi walikuwa wameshaamua, na wakakosolewa hapohapo tukiona nyuso zao. Jaji alihukumiwa. Na kwenye fainali hakupewa ushindi kwa huruma. Alikuwa wa pili, kundi la wacheza dansi la Diversity likachukua. Tulibishana hapa kama ilikuwa haki. Tulibishana kwa raha, kwa sababu tuliwaona wote wawili.

Kuhusu Big Brother Africa nitasema machache. Idris Sultan wa Tanzania alipochukua dola 300,000 mwaka 2014, Waswahili wa hapa walifurahi, mimi pia. Lakini shindano lile sikuwahi kulielewa kama shindano. Watu wamefungiwa kwenye uzio, hawaruhusiwi kutoka, wanapewa kazi za ajabu, wakishindwa kazi chakula cha wiki kinapunguzwa, kila baada ya muda jina linasomwa na mtu anaondoka, na wanaobaki wanalia na kugawana kitanda chake. Yaani mimi nilipie chai nitazame hayo?

Sasa nije kwa lililonifanya niandike.

Shirika moja, sitalitaja, lilileta shindano la vipaji hapa kambini. Lilikuwa la Jumamosi tano, na kamera, na vijana wa kambi na vijana Waturkana wa mjini pamoja. Nataka niwe mkweli: Jumamosi nne za kwanza zilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyoona kwenye uwanja ule. Majaji walikuwa watatu: mwalimu wa kwaya, mama mmoja anayefundisha ngoma, na kijana mtunzi wa mashairi kwa Kisomali anayejua Kiswahili cha kutosha kukuumiza. Kila mmoja alitoa alama kwa kadi iliyoinuliwa juu, na alisema sababu. Waliotolewa walikasirika, wakaenda nyumbani, na Jumamosi iliyofuata wakarudi kutazama. Hiyo ndiyo alama yangu ya shindano lililofaulu: aliyetolewa anarudi kutazama. Bombani, kwenye foleni ya maji, watu walibishana wiki nzima kuhusu nani alikosea mdundo. Kwa wiki nne sikusikia watu wakigombana bombani kwa kabila. Waligombana kwa mdundo.

Kulikuwa na dada wa bloki ya nyuma yetu, miaka 19, anayeimba nyimbo anazotunga mwenyewe. Wimbo wake wa fainali ulihusu mkwe anayekuja kusalimia na hataki kuondoka mpaka sufuria iishe. Uwanja mzima ulikuwa unaujua. Watoto walikuwa wanauimba wakienda shule.

Jumamosi ya tano wageni walikuja. Magari meupe tisa, viti vya plastiki vyenye vitambaa, maji ya chupa. Majaji wale watatu walikuwa wameketi pembeni na wageni watatu wakakaa mahali pao. Ratiba ikabadilika, muda umekuwa mfupi. Kila mshiriki akaambiwa atapewa dakika tatu za kueleza amepitia nini mpaka kufika hapa, kisha aimbe ubeti mmoja na kiitikio. Dakika tatu za mateso, dakika moja ya wimbo. Mtafsiri alikuwa tayari.

Wa kwanza akaeleza. Wa pili akaeleza, akashindwa kumaliza. Yule dada akashika maiki akasema, kwa Kiswahili safi: "Mimi nimekuja kuimba." Mtafsiri akamwangalia. Akarudia. Wakasubiri, kamera inamtazama, upepo wa vumbi unapita. Akaimba mkwe wake kwa dakika nne, beti zote, bila kuomba ruhusa. Uwanja ulivyopiga kelele! Wageni walitabasamu vizuri. Alikuwa wa tano kati ya watano.

Kadi hazikuinuliwa siku hiyo. Karatasi ilisomwa.

Aliyeshinda ni kijana ninayemheshimu, na aliimba vizuri Jumamosi zote nne. Huenda angeshinda hata kwa kadi. Hatutajua, na ubaya ni kwamba na yeye hatajua. Alipewa cheti na taa ya sola. Miezi michache baadaye tulikutana kwenye foleni ya mgao nikamuuliza anaimba wapi siku hizi. Akaniambia watu wakimwona njiani hawamwambii chochote kuhusu wimbo. Wanamwambia pole. Wanamuuliza kama habari za dada yake zilipatikana, kwa sababu ndilo jambo alilolisema pale juu. Alikuwa hajawahi kulisema hata kwa rafiki zake. Sasa kambi nzima inalo, na kamera inalo, na huko kamera ilikokwenda wanalo. Ameacha kuimba hadharani. Anafanya kazi ya kuchomelea vyuma.

Kwa ninyi mnaosoma hapa mkiwa wafanyakazi wa mashirika, najua wengi wenu mlikuwepo na mlishangilia yule dada kuliko sisi. Najua pia kwamba picha ya mtu anayelia huleta fedha na fedha huleta maji bombani. Mimi nakunywa maji hayo. Lakini mtu aliyeulizwa mateso yake na polisi wa mpakani, kwenye usajili, kwenye mahojiano ya kwanza, ya pili na ya tatu, akija jukwaani anakuja mahali pa pekee ambapo anaweza kuulizwa kitu kingine: unaweza nini? Mkimuuliza tena yaleyale, mmegeuza jukwaa kuwa dirisha la ofisi. Na kwa dirisha la ofisi sisi tuna majibu tumeyakariri tayari. Hamtapata kitu kipya.

Baada ya hapo vijana wenyewe walianza lao, Jumapili jioni, chini ya mti ule mkubwa karibu na laga. Hakuna maiki. Hakuna zawadi zaidi ya soda moja, ambayo mshindi lazima agawane na wa mwisho. Kura ni kifuniko cha soda: kila mtu mzima anapewa kimoja akifika, anakitumbukiza kwenye jerikeni iliyokatwa juu yenye rangi ya mshiriki wake. Vinahesabiwa chini, kwenye kitenge, kwa sauti, na anayehesabu ni mshiriki mwenyewe, kila mmoja akihesabu vya mwenzake. Wiki ya pili mtoto mmoja alikamatwa na vifuniko saba mfukoni, alivikusanya hotelini. Kukawa na kesi. Mtoto alijitetea kwamba na kwenye TV watu hupiga kura mara nyingi wanavyotaka, na kwa kweli hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Tangu hapo vifuniko vinapigwa rangi ya kucha kwa ndani.

Kabla ya kura, jaji mmoja anasema. Vijana walimwomba baba yangu, kwa kuwa Uvira alikuwa mwalimu wa kwaya. Anakuja na koti lake. Anasema kwa kila mmoja mambo mawili, zuri moja na baya moja, na amekataa kabisa kusema zaidi ya mawili.

Yule dada wa wimbo wa mkwe alijiunga wiki ya tatu. Alishindwa kwa vifuniko vitatu. Akadai virudiwe kuhesabiwa, na ikawa vitatu tena. Akamfuata baba mpaka chini ya mti akamuuliza, mbele yetu sote, shida ni nini. Baba akamwambia mkwe anachelewa sana kufika mezani, ubeti wa pili ni mrefu. Dada akasema si kweli. Wakabishana mpaka giza likaingia.

Jumapili iliyofuata alikuja na ubeti wa pili umekatwa nusu.